Chuma Kilicholala

Homa ya Hakimu ilianza na rigle ya mutoto wa shule, ile rula ya plastiki ya sentimita thelathini. Ilianza pale Kabezi, saa saba mchana, siku ya harusi ya Sumaya.

Hakimu ni fundi wa kuchomelea vyuma, Rumonge mjini. Kabezi alikwenda asubuhi kupima mlango wa mtu, akamaliza haraka, maana alasiri alitakiwa awe kwa Mama Kulthumu, mama wa bibi harusi, kula pilau na kusifiwa. Kusifiwa hasa. Ghorofa mpya ya Mama Kulthumu ameijenga yeye na mwashi mwenzake, Seth, na wiki nzima watu walikuwa wanasimama barabarani kuikodolea macho, wengine wanashuka kwenye baiskeli kabisa.

Sasa kando ya barabara palikuwa na hanga, ghala kubwa la chuma, inajengwa, na Hakimu hawezi kupita chuma bila kusimama, kama vile mlevi hawezi kupita kabare. Akazima pikipiki, akaangalia juu. Putreli, vile vyuma virefu vyenye umbo la herufi I, zilikuwa zimepangwa kwa ukingo, zimesimama wima. Akacheka peke yake.

"Dada, amahoro," akamwambia mwanamke mwenye kofia ya manjano aliyekuwa anaandika kwenye daftari. "Hizi putreli mbona mumezisimamisha kama askari? Mungezilaza zikae kwa raha. Tako pana, hazipinduki."

Yule alikuwa Ernestina, enjenieri wa kazi ile. Hakukasirika. Alichomoa rigle kwenye daftari lake, akailaza juu ya matofali mawili kama daraja.

"Bonyeza na kidole."

Hakimu akabonyeza. Rigle ikashusha tumbo mpaka ikagusa mchanga. Ernestina akaigeuza, akaisimamisha kwa ukingo na kuishika isianguke.

"Bonyeza tena."

Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Rigle haikushuka hata unywele.

"Plastiki ni ile ile, kidole ni kile kile," Ernestina akasema. "Putreli nyama yake wameiweka juu na chini makusudi, maana ikibeba, juu inabanwa na chini inavutwa. Ukiilaza, ni kama kumnyima mtu chakula kisha kumtwika gunia. Hizo tulizo nazo hapa, za kimo cha sentimita kumi na sita, moja ikilala inabaki na nguvu moja tu katika sita."

Hakimu alianza kucheka tena, akaacha katikati.

"Na kama mutu ameshazilaza?"

"Inategemea nani anapita juu. Paka hana shida."

"Wanawake sitini. Wanacheza ngoma."

Ernestina akafunga daftari. "Upana gani, ukuta mpaka ukuta?"

"Metre tano."

"Hiyo nyumba iko wapi, kaka?"

Lakini Hakimu alikuwa ameshawasha pikipiki, na rigle ya watu iko mfukoni mwake.

Tusimcheke bado. Hakimu amekulia Kizuka, kwenye michikichi. Huko kijito kikikatiza njia, watu wanaangusha muchikichi, wanaupasua kati, wanalaza nusu mbili na tumbo juu. Akina mama wanapita na mikungu ya chikichi kichwani, wengine na mutoto mgongoni, na daraja linakaa miaka. Mafundi wote wa kule wana neno lao moja: mti uliolala hauanguki. Kwa hiyo siku putreli nne za kwanza maishani mwake, za kimo kile kile, ziliposhushwa kwa Mama Kulthumu, mkono wa Hakimu haukumuuliza mtu. Ulizilaza. Zikakaa vizuri! Zimetulia ukutani kama ndagala, wale dagaa wa ziwa, kwenye mchanga. Seth, ambaye alijifunzia ujenzi Tanzania ukimbizini, aliuliza mara moja, "Bwana Hakimu, hizi hazisimamishwi?" Hakimu akamjibu kwa lile neno, na Seth akarudi kwa matofali yake, maana chuma si kazi yake.

Mengine yote yalifanywa sawasawa. Mbavu za eskalie, ile ngazi ya kupandia, ni chuma cha U, vidato vimekaa ndani yake kama meno. Fremu ya kushikia mbao za sakafu ni kornieri, ile yenye pembe kama kiwiko. Garde-fou, kizuizi cha pembeni watu wasianguke, ni tibi, mabomba ya pembe nne, zimepakwa rangi ya samawati. Mama Kulthumu aliitaka ghorofa hiyo kwa sababu ziwa lilipopanda lilimwingilia dukani, likamchukulia magunia ya ndagala kama mgeni anayejua jiko liko wapi. Akaapa: safari hii samaki wake watalala juu. Ila kabla ya samaki, binti yake Sumaya ataolewa juu. Wanawake watacheza huko, mbali na macho ya wanaume, na ziwa linaonekana lote.

Na jana, Hakimu alipokuwa ameinama kumalizia garde-fou, chikichi moja ilimdondoka mfukoni. Ikabingirika yenyewe kwenye sakafu, polepole, ikafika katikati, ikasimama. Akaisukuma na kidole mpaka ukutani. Ikarudi. Alicheka jana. "Hata chikichi inajua harusi iko wapi," alisema.

Sasa kwenye pikipiki, upepo wa ziwa uko usoni, alielewa kwa nini ile chikichi ilirudi katikati: sakafu ilikuwa imeshaanza kubonyea.

Alisimama mara ya kwanza kupiga simu.

"Mama Kulthumu! Usipandishe watu juu! Unanisikia? Sakafu itaanguka!"

Upande wa pili kukawa na sufuria, vigelegele, na sauti ya Mama Kulthumu yenye kicheko. "Eeh, mtumwa wangu! Umeanza mapema leo. Hata pilau haijaiva."

"Sifanyi utani!"

"Na nyoka wa kwenye sufuria je, huyo mwaka huu hayupo?" Akawageukia wenzake: "Ni yule mtani. Anasema nyumba inaanguka." Kicheko kikajaa simu, simu ikakatika.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe. Babu yake Hakimu na babu yake Mama Kulthumu walivuka ziwa kwa mtumbwi mmoja, wakatukanana njia nzima, na tangu siku hiyo koo zao ni watani. Hakimu anamwita "mtumwa wangu", ingawa mama huyo angeweza kumzaa. Mama Kulthumu anamwita hivyo hivyo. Kwenye msiba wa mume wa mama huyo, Hakimu alivaa koti la marehemu akaingia na kuuliza chai yake iko wapi, na mjane akacheka katikati ya machozi, ndiyo kazi ya mtani. Kwenye harusi ya binti mkubwa alipiga kelele kwamba kuna nyoka kwenye pilau. Watu walimwaga sahani. Mtani siku ya sherehe akisema moto unawaka, watu wanamwomba kiberiti.

Akampigia mke wake, Mwasiti. Simu iliita mpaka ikachoka. Mwasiti yuko kule kule, na ndiye anayepiga ngoma kubwa. Akipiga ngoma hasikii hata radi.

Akampigia Seth.

"Nimekaa na wazee hapa uani, tunangoja chakula," Seth akasema.

Hakimu akamweleza yote, rigle, moja katika sita.

"Nilikuuliza," Seth akasema.

"Uliniuliza. Utanichapa baadaye. Nenda kamwambie yule mama. Weye ni mtu wa kanisa, si mtani wake, atakusikia."

Seth alikwenda. Simu yake ilirudi Hakimu akiwa karibu na Minago. "Ameniuliza umenipa fanta ngapi niseme hivyo. Wote wanacheka, Hakimu. Hata mimi nimeona aibu. Wanasema wakimaliza kula tu wanapanda."

"Simama kwenye eskalie, uzuie!"

"Nizuie wake za watu? Mimi? Mwanamume mgeni kwenye eskalie ya wanawake? Watanitoa na miko."

Na pale pale Minago pikipiki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mafuta. Hakimu akaanza kuisukuma, anakimbia nayo, jasho linaingia machoni, pembeni baiskeli zenye magunia ya muhogo zinampita pole pole na wenyewe wanamsalimu. Njia yote anahesabu. Watano wakipanda, inabonyea. Kumi, inabonyea zaidi. Ishirini wakiruka pamoja, Mwasiti akizidisha mdundo... Kijana wa pikipiki mwenzake alikuwa na chupa moja ya maji iliyojaa esansi. Hakuuza, alisema ni ya kurudi nyumbani. Hakimu akavua miwani yake ya jua, ile aliyokuwa anajidai nayo, akamvika usoni. "Umependeza. Leta chupa." Kijana akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akaleta.

Aliposhika mji, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Ngoma aliisikia kabla hajaiona nyumba.

Uani wanaume walikuwa wanakula. Chini ya ghorofa, dukani, wapishi walikuwa wanapakua. Juu kuna wanawake kama kumi na watano, wa kwanza kumaliza chakula, wanacheza kwenye mstari; wengine wamejipanga kwenye eskalie wanafunga khanga viunoni. Hakimu akaingia dukani akainua kichwa. Zile putreli mbili za kati zilikuwa zinapumua. Ngoma ikipiga zinashuka. Ikinyamaza zinapanda, lakini hazirudi mpaka mahali pake. Vumbi la mbao lilikuwa linadondoka kwenye sahani za pilau, na mpishi mmoja anazipangusa kwa mkono, analaani mafundi wa siku hizi.

"Shukeni!" Hakimu akapiga kelele. "Shukeni, inaanguka!"

Wakashangilia. "Mtani kafika! Mtani kafika!" Mwasiti kule juu akamsikia mume wake, akazidisha ngoma kwa furaha.

Basi akaelewa kwamba maneno hayana kazi. Akapanda. Eskalie ya wanawake mwanamume hapandi, lakini mtani hana mlango unaofungwa kwake siku ya sherehe; walimpisha huku wakimpiga mgongoni kwa khanga. Juu, Sumaya alikuwa amekaa kwenye mkeka na hina yake, na mbele yake ni sanduku jekundu kutoka kwa bwana harusi, nguo, viatu, manukato, bado halijafunguliwa, ndilo lililokuwa linangojwa na wote. Hakimu hakuomba. Alilinyakua.

"Sanduku!" akapiga kelele mtu. "Mwizi! Mtani kachukua sanduku!"

Aliruka nalo vidato vitatu vitatu, na nyuma yake wanawake wote wakamporomokea, wanacheka, wanapiga makelele, bibi harusi mwenyewe amekunja gauni na mikono yenye hina iko hewani, Mwasiti na ngoma begani. Ndicho alichotaka. Mbavu za U zilitetemeka lakini zikashika. Hizo alizijenga sawa. Alipoona kidato cha mwisho kiko kitupu na juu hakuna mtu, alifunga mlango wa grili chini ya eskalie, akamrushia Seth sanduku, akang'oa waya wa muziki kwenye jenereta na kuchomeka mashine yake ya kuchomelea, iliyokuwa imebaki pembeni tangu jana. Tsss. Pointi tatu za moto, juu, kati, chini. Mlango ukawa ukuta.

Muziki umekufa. Watu wote wanamtazama. Kisha uani mzima ukapasuka kwa kicheko na vigelegele, maana hapajawahi kuonekana utani wa namna ile Rumonge.

Mama Kulthumu akasogea mbele, mwili wake mkubwa kwenye nguo ya dhahabu, ameshika kiuno. "Haya, mtumwa wangu. Umetushinda. Sema faini yako, utufungulie."

Ndiyo desturi: mtani akizuia njia anataja anachotaka, akipewa anafungua. Akipewa asifungue, utani umekufa kati ya koo mbili. Hakimu akatafuta kitu kisichopatikana chini ya jua.

"Nataka ndagala mwenye ndevu."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana. Hakimu akafuta jasho. Alidhani amepata saa nzima, labda mpaka magharibi, watu watachoka, watacheza chini, kesho atageuza putreli kimya kimya na hakuna atakayejua. Ndiyo, aliwaza hivyo pia. Kazi yake, jina lake. Nani atampa hata kitanda cha chuma kuchomelea?

Lakini anauliza ndagala kwa nani? Kwa mwanamke aliyeuza ndagala miaka thelathini! Mama Kulthumu aliingia jikoni, na hata dakika tano hazikupita. Alirudi na sahani ya harusi, imefunikwa kwa kitambaa. Akakifunua taratibu. Ndani amelala ndagala mmoja, mkavu, na kidevuni amefungwa nywele za hindi kwa uzi, ndefu, za kahawia, zimechanwa vizuri kama za mzee wa msikitini.

Vigelegele vilipaa mpaka ziwani. "Kapewa! Kapewa! Afungue!"

"Fungua, mtumwa wangu," Mama Kulthumu akasema, anacheka. "Huyu hapa, na ndevu zake."

Wanawake walikuwa wameshamzunguka. Mmoja alikwenda kuchukua nyundo ya mawe ya Seth. Pointi tatu, nyundo moja, mapigo mawili matatu. Hakimu alimwona Mwasiti ameshakaza ngozi ya ngoma tayari kurudi juu. Akafungua mdomo, akajua kila atakalosema litakuwa kichekesho kingine. Akiapa, watacheka. Akilia, watacheka zaidi.

Akavua kofia. Akapiga goti moja kwenye vumbi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

Kicheko kilikatika kama uzi.

Hajawahi. Tangu anajua kusema, Hakimu hajawahi kumpa mwanamke yule shikamoo. Baba yake hakuwahi kumpa mama mzazi wa Mama Kulthumu. Hata msibani hakuna aliyetoa. Mpishi aliweka mwiko chini. Sahani ya Mama Kulthumu iliinama, ndagala akaanguka na ndevu zake.

"Umesema nini?"

"Shikamoo, Mama Kulthumu."

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu wa uani hawakuijua. "Nani amekufa?"

"Bado. Nimekosea kazi yako." Akatoa rigle mfukoni. Akaiweka juu ya sahani mbili, Seth akapiga magoti akamshikia. Hakimu akailaza, akabonyeza. Akaisimamisha, akabonyeza. Hakueleza sana.

Mama Kulthumu aliichukua rigle. Akaijaribu mwenyewe, kwa kidole chake chenye hina, imelala, imesimama, imelala tena. Kisha akainua macho kwenye dari ya duka lake.

"Na zangu hizi?"

"Nimezilaza."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Mwasiti alishusha ngoma begani, akaiweka chini bila kuipiga.

"Wapishi, tokeni humo dukani," Mama Kulthumu akasema. "Sufuria ziacheni. Wanaume wote, barabarani! Wazee mutusamehe, mutakula mumesimama kama ng'ombe leo. Wanawake watacheza uani. Fungeni mashuka kwenye uzio." Watu walianza kukimbia huku na huku. Hakimu naye akainuka aende na wanaume. Alipompita, Mama Kulthumu hakumtukana. Alimwambia, "Asante, baba," kama anavyomwambia mgeni.

Hilo "baba" lilimuuma kuliko mwiko.

Walicheza uani mpaka wakachoka, na Sumaya akafunguliwa sanduku lake juu ya kirago cha kuanikia ndagala. Barabarani Hakimu alikula pilau iliyokuwa na unga wa mbao ndani, akaimaliza yote, hakusema kitu, na watu walimwacha nafasi pande zote mbili.

Kesho yake asubuhi alikuja na Seth, hawajaitwa. Waling'oa mbao, wakakata kornieri, wakashusha putreli moja moja kwa kamba. Mbili za ukutani zilikuwa nzima. Moja ya kati ilikuwa na shaka, wakaitenga nayo ibadilishwe. Ile nyingine walipoilaza uani haikulala: ilikaa kwa tumbo, ncha mbili ziko hewani, ukiigusa inabembea kama kitanda cha mutoto. Wanawake kumi na watano tu, nyimbo mbili. Seth aliiangalia, akafanya ishara ya msalaba. Hakimu aliitia mguu, ikabembea tena.

Siku tatu walifanya kazi. Mama Kulthumu alikaa kwenye kiti cha plastiki na rigle mkononi, anatazama. "Hiyo isogeze, baba." "Murakoze, asante, baba." Sauti ya adabu, siku nzima, siku ya pili nzima. Usiku Hakimu hakula. Alimwambia Mwasiti, afadhali angenipeleka polisi.

Siku ya tatu putreli ya mwisho ikasimama, ya kubadili ile iliyopinda. Seth akaijengea ncha ukutani kwa saruji. Hakimu akachomelea vipande vya kornieri pembeni zisipinduke, akaweka mbao sita za kwanza, akapanda, akatoa chikichi mfukoni. Akaiweka karibu na ukuta, akaiachia.

Ilikaa.

Akaisukuma katikati. Ikakaa pale pale alipoiacha. Akaruka pembeni yake kwa miguu miwili, pwaa, mara tano, Seth anapiga kelele chini, "Bwana wee, saruji bado mbichi!" Chikichi ilitikisika tu mahali pake, naye akakaa juu ya chuma, miguu chini.

Mama Kulthumu aliinuka kwenye kiti. Akaingia dukani, akainua kichwa, akafunga jicho moja na kuipimia rigle hewani, putreli moja moja, kama enjenieri mzima.

"Hiyo ya tatu," akasema.

Hakimu akainama kuichungulia. "Ina nini, Mama?"

"Imenyooka. Nashangaa. Kwenu nyie mtu akinyooka hivyo mnamzika." Akampigia rigle kwenye kisigino kilichokuwa kinaning'inia kati ya mbao. "Shuka ule, mtumwa wangu. Umekonda mpaka babu yako angekuacha kwenye mtumbwi."

"Nashuka, mtumwa wangu," akasema Hakimu, akaokota chikichi yake.